Waziri Aliyelaza Mikono

Nchi inayosimuliwa hapa haipo. Imetafutwa kwenye ramani haikuonekana. Wameulizwa marubani, wakasema hawajawahi kuiruka. Kwa hiyo, msomaji, ukihisi kama unaijua harufu yake, usishtuke, huo ni moshi wa jirani. Na ukiiona nje ya dirisha lako, funga dirisha.

Iliitwa Tulizana. Ilikuwa na majimbo mengi, na hili linalotuhusu liliitwa Mbele Kidogo, kwa sababu kila kitu walichoahidiwa watu wake kilikuwa mbele kidogo. Daraja, mbele kidogo. Maji, mbele kidogo. Hata makao makuu ya jimbo, ukimuuliza mpita njia atakuonyesha kwa midomo, "Yako hapo mbele kidogo," nawe utakwenda mpaka viatu vikuage.

Katika jimbo hilo kulikuwa na kiwanda cha korosho, na kiwandani humo alikuwamo mwanamke mfupi, mnene wa kadiri, mwenye sauti ya kumfanya jogoo ajifikirie upya. Jina lake Sikudhani binti Mbaruku, mwenyekiti wa chama cha wabanguaji. Kubangua korosho si kazi ya mtu aliyepaka hina. Ganda lake lina utomvu unaounguza kama maneno ya wifi. Ukilishika mwaka hadi mwaka, viganja vinakuwa vyeusi kama masufuria ya shughuli, na sabuni ikivitazama inakata tamaa.

Sikudhani alimheshimu sana meneja wa kiwanda, Bwana Kigumu, kwa kuwa alikuwa mtu wa hapana. Hapana ya Bwana Kigumu ilikuwa ya mninga: ukiigonga inalia, ukiisukuma unajua umesukuma kitu. Chama nacho kilikuwa na kanuni zake za kushughulika na hapana ya namna hiyo. Kwanza, ukitaka kichane cha ndizi, dai mkungu. Meneja atakata, wewe utanung'unika, mtakutana kwenye kichane, na kila mtu atakwenda kwake akijiona mjanja. Ikishindikana, wanalaza mikono. Hawakupiga kelele wala kutoka nje, maana ukitoka nje unaandikwa mtoro. Walibaki palepale mezani, wakaweka vinyundo chini, wakalaza mikono juu ya meza, viganja vikitazama dari, weusi wote hadharani, wakamkodolea meneja macho bila neno. Bwana Kigumu alikuwa akisema angevumilia mawe, matusi, hata nyuki. Lakini kutazamwa na viganja, hilo hakuliweza.

Hivyo ndivyo walivyoishi, kwa vita na kwa adabu, mpaka balaa lilipowajia likiwa limevaa heshima.

*

Ilitokea kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa alitaka kulizuru jimbo la Mbele Kidogo. Itifaki ikasema Mlezi hawezi kushuka garini bila kupigiwa mizinga. Jimbo halikuwa na mzinga. Lilikuwa na manati nyingi na mlinzi mmoja mwenye gobore, basi.

Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Kibwana Mashamsham, hakuwa mtu wa kushindwa na itifaki. Alizunguka mjini akitafuta kitu chochote kirefu, cha chuma, chenye tundu. Akakiona. Kilikuwa kimesimama juu ya paa la kiwanda cha korosho: dohani, lile bomba kubwa la kutolea moshi wa tanuri za kukaangia. Likakatwa, likalazwa juu ya magurudumu ya lori lililokufa, likapakwa rangi ya dhahabu, likawekwa katikati ya uwanja mkuu. Mlezi alipofika, koplo mmoja aliingizwa ndani yake na pipa tupu na nyundo, akapiga mizinga mpaka masikio yake yakastaafu. Mlezi akafurahi. Koplo akapewa nishani, na kwa kuwa hakusikia amri ya kuondoka, akabaki kuulinda mzinga.

Kiwandani, moshi uliamka asubuhi ukakuta njia yake haipo. Ukafanya kama afanyavyo mtu yeyote aliyevunjiwa nyumba: ukaingia kwa majirani. Ukumbi wa kubangulia ulijaa moshi mpaka wanawake wakawa wanatambuana kwa kukohoa.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Hadhara, shoga yake Sikudhani, aliyekaa naye meza moja tangu walipokuwa wasichana. Macho yake yalianza kwa kuwasha, yakavimba, kisha yakafanya ukungu. Mganga wa zahanati aliyatazama akasema bado yanaponeka, ila hayaponi ndani ya moshi. Ukiingia msimu ujao wa mvua hali ikiwa hivi, asisumbuke tena kuja.

"Basi aache kazi," alisema Sikudhani.

"Nikiacha nitakula nini, macho?" alijibu Hadhara.

Sikudhani akamwendea Bwana Kigumu. Akadai dohani mbili, feni, na maziwa kwa kila mfanyakazi.

"Dohani si yangu tena," alisema meneja, akijipepea kwa kofia. "Ni mzinga wa Jimbo."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Sikudhani, mimi nawe tumejuana. Ningekuwa na hapana ningekupa. Hapana yangu inaishia getini. Ya dohani iko huko kwa wakubwa."

Wanawake wakakaa kikao, wakikohoa. Hadhara, ambaye hakuwa anaona vizuri ila ulimi wake haukuwa na ukungu wowote, ndiye aliyesimama.

"Shoga, si umesikia? Hapana yetu imehamia jimboni. Nenda kaifuate. Gombea, ingia huko ndani, uivunje kama ulivyozivunja hizi za hapa."

"Mimi? Siasa? Na mikono hii?"

"Kwani wao ya kwao umeiona? Huwa wameificha mifukoni."

*

Uchaguzi wa Tulizana ni kitu kisafi sana, maana huoshwa kabla na huoshwa baada. Sikudhani alipokwenda kuomba alama ya kuweka kwenye karatasi ya kura, alikuta alama zote nzuri zimekwisha chukuliwa na Chama Tawala: jua, simba, jembe, mama na mtoto, hata sahani ya wali.

"Imebaki hii," alisema ofisa wa tume, akimwonyesha duara jeusi.

"Hili ni duara la nini?"

"La kwako."

Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba wapigakura wa Tulizana huweka alama kwa dole gumba lililochovywa wino. Siku ya kura watu walifungua karatasi, wakaona jua, wakaona simba, wakaona wali, halafu wakaona duara jeusi lenye ukubwa wa dole gumba kabisa. Wakaliweka dole pale palipoonekana pametengenezwa kuwekwa dole. Mke wa Mkuu wa Jimbo aliweka pale. Mgombea wa Chama Tawala mwenyewe aliweka pale, akatoka akishangilia ushindi.

Kura zilioshwa, zikasuuzwa, lakini duara lilikuwa jeusi mno, halikutakata. Sikudhani akatangazwa mjumbe wa Baraza la Jimbo. Wanawake wa kiwandani walipiga vigelegele vilivyochanganyika na kikohozi, na usiulize kipi kilikuwa kipi.

*

Baraza la Jimbo lilikuwa jumba lenye viti vya sponji ambavyo ukikaa vinahema. Nyuma yake kulikuwa na jiko, na kupitia dirishani ilipita harufu ya pilau iliyokuwa na madaraka kuliko wajumbe wengi. Hoja zilipitishwa kwa makofi. Kanuni ilisema makofi yawe ya wote. Mikono ya mtu mmoja ikikosekana, hoja haijapita, kikao hakifungwi, na pilau halipakuliwi. Tangu Baraza lianze, hakuna aliyewahi kukosa kupiga.

Sikudhani aliingia amejifunga kanga kiunoni kama mtu aendaye kugombana na kijito. Hapana ilikuwa humu ndani, aliinusa. Alisimama, akavuta pumzi, akatoa mkungu wake:

"Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo! Sisi wabanguaji tunadai dohani yetu irudi kiwandani. Tunadai na nyingine ya akiba. Tunadai hospitali ya macho. Tunadai barabara ya lami mpaka mlangoni mwa kila mbanguaji. Tunadai..." hapo alishikwa na wasiwasi kwamba mkungu ni mdogo, akaongeza, "tunadai bahari isogezwe, tupate upepo!"

Akasubiri. Moyoni alikuwa amekwisha jiandaa kupoteza bahari, barabara, na hospitali, abaki na dohani.

Mheshimiwa Mashamsham aliinuka. Alikuwa na tumbo lililotangulia na mwili uliofuata kwa utii.

"Mheshimiwa mjumbe mgeni," alisema kwa sauti ya asali iliyoachwa juani, "jimbo hili lina sera moja kuu, nayo ni kwamba mwananchi asikataliwe. Kukataa ni uchoyo! Kukataa ni mabaki ya ukoloni! Kwa Sheria ya Ukarimu wa Umma tumekwisha kulifuta neno... neno lile... sitalitamka, wamo akina mama. Kwa hiyo dohani, ndiyo! Ya akiba, ndiyo! Hospitali, lami, ndiyo na ndiyo! Na kuhusu bahari, kwa nini isogezwe kidogo? Isogezwe kabisa!"

Makofi. Viti vilihema. Jirani yake Sikudhani alimpigapiga begani, "Hongera dada, umeanza vizuri, umepata na bahari." Kisha wote wakaenda kula.

Sikudhani alibaki amesimama kama mtu aliyejitupa na bega lake lote kuvunja mlango, akakuta haukufungwa, akapitiliza mpaka uani.

*

"Wamekubali?" aliuliza Hadhara siku ya pili.

"Wamekubali vyote."

"Na dohani?"

"Na dohani."

"Mbona mimi nakohoa?"

Sikudhani alirudi jimboni. Akamwona ofisa wa mali za serikali. Ofisa akampa kiti, akampa chai, akamwambia ndiyo. Akamwona mhandisi, mhandisi akamwambia ndiyo tena akamwuliza anatumia sukari kiasi gani. Akaenda uwanjani penyewe, akamwendea yule koplo aliyeulinda mzinga, akapaza sauti, "Kaka, naweza kuichukua?" Koplo, ambaye hakusikia kitu, alitabasamu akapiga saluti. Hata kiziwi alimkubalia.

Akasema moyoni, huenda sijadai vya kutosha. Hapana yao iko ndani zaidi, lazima nichimbe. Kikao kilichofuata akadai mlima ulioko mpakani uhamishiwe karibu na kiwanda, upande wa kivuli. Ndiyo! Wakapitisha, na Mheshimiwa Mashamsham akaenda kuweka jiwe la msingi pale mlima utakapokaa. Akadai mvua inyeshe usiku tu ili watu wasilowane wakienda kazini. Ndiyo! Ikaundwa idara. Akadai, kwa hasira sasa, kwamba Baraza zima livunjwe. Ndiyo! Wakajipigia makofi mazito, wakalivunja, wakaenda kula, wakarudi wakaendelea.

Mwisho wakamwita, wakamfanya Waziri wa Jimbo wa Malalamiko Yaliyokwisha. Walimpa ofisi yenye zulia na kengele ya kumwitia mtu wa chai.

Msomaji asimcheke. Mtu aliyefundwa kupigana na ukuta, ukimpeleka penye ukungu ataangusha nini? Alirusha ngumi, zikapita. Usiku alilala vizuri kuliko alivyotaka. Chai ilikuwa nzuri. Zulia lilikuwa laini, na siku moja mwanamke mmoja wa soko la samaki alipokuja kumwomba kibanda, Sikudhani alisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Ndiyo, mama, ondoa shaka." Mwanamke akaondoka akimwombea dua. Waziri akabaki akikitazama kiti alichokalia yule mama.

Jioni ile alikwenda kwa Hadhara. Alimkuta akichambua mchele kwa vidole, uso ameuelekeza ukutani.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, shoga."

"Aa, waziri! Sikukujua, hunuki moshi." Hadhara aliokota punje, akaipapasa, akaiweka kando. "Mvua za msimu zimekaribia. Mganga alisema nini vile? Mimi nimesahau."

Hakuwa amesahau, na Sikudhani alijua hakuwa amesahau.

*

Ndipo habari ikaja kwamba Mtukufu Mlezi wa Taifa anakuja tena.

Baraza liliitishwa kupitisha Azimio la Kumkaribisha Mlezi kwa Furaha Isiyo na Kipimo. Bila azimio, itifaki hairuhusu Mlezi avuke mpaka wa jimbo. Karani wa Baraza, Mzee Nukta, mtu mkavu aliyebeba rungu la Baraza kama mtu abebaye mwana wa mfalme, alilisoma azimio lote mpaka kwenye kipengele cha mwisho: "...na apigiwe mizinga kwa mzinga wetu wa dhahabu. Wanaokubali wapige makofi."

Jumba likarindima. Kisha yakaisha makofi, kila mtu akanyanyuka nusu kuelekea kwenye pilau, na Mzee Nukta akainua rungu kufunga kikao. Akalishusha.

"Kuna mikono haikupiga," alisema.

Wakageuka. Sikudhani alikuwa ameketi wima. Mikono yake ilikuwa imelala mezani, viganja juu.

Baadhi ya wajumbe walikuwa hawajawahi kuviona. Walizoea viganja vya kupokelea vitu. Hivi vilikuwa vyeusi tii, vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na vilitazama.

"Waziri," alisema Mheshimiwa Mashamsham, "una ganzi?"

Viganja viliendelea kumtazama.

"Anataka kitu," alinong'ona mjumbe mmoja. "Apewe! Apewe chochote!"

"Umepewa!" alisema Mkuu wa Jimbo upesi. "Chochote ulichotaka, ndiyo."

"Nataka dohani," alisema Sikudhani.

"Lakini dohani ulikwisha pewa! Imo kwenye kumbukumbu! Karani, si amepewa?"

"Alipewa, na bahari," alithibitisha Mzee Nukta.

"Sijaiona," alisema Sikudhani. "Mikono hii itanyanyuka siku moshi utakapoonekana ukitoka juu ya paa la kiwanda. Siyo kabla."

Pilau lilipita dirishani, likauliza kulikoni. Mjumbe mnene wa safu ya mbele alianza kutokwa na jasho. "Mheshimiwa, mpe tu, mambo yaishe."

"Nimpe vipi? Nikimpa kweli, Mlezi atapigiwa nini? Makopo?"

"Basi mwambie..."

"Nimwambie nini? Ndiyo nimemwambia tangu mwaka jana!"

Mashamsham alivigeukia tena vile viganja, navyo vikamtazama. Alijaribu kutazama dari, akahisi vinamtazama tumboni. Uso wake ulivimba, shingo ikakaza, midomo ikatafuta umbo ambalo ilikuwa imelisahau tangu utotoni.

"Ha..." alisema. Wajumbe wakaziba masikio. "Haa... HAPANA!"

Mzee Nukta aliangusha rungu la Baraza. Jikoni kikaanguka kitu pia.

Sikudhani alifumba macho, akakaribia kulia. Ilikuwa hapana changa, imetetemeka, haina mninga wowote. Bwana Kigumu angeionea haya. Lakini ilikuwa hapana. Ilikuwa na pande, ilikuwa na uzito, mtu angeweza kuishika.

"Ahsante, Mheshimiwa," alisema. "Sasa tuzungumze. Nataka dohani, hospitali, na Bwana Mkuu wa Jimbo aje kubangua kila Jumatatu."

"Hapana!" alisema Mashamsham, na safari hii ilitoka vizuri zaidi. Macho yakamng'aa. "Hospitali hapana, fedha haipo, haijawahi kuwapo! Kubangua hapana! Lo, hapana! Hapana kabisa! Jamani, mbona tamu hivi?"

"Taratibu, Mheshimiwa, utaimaliza. Jumatatu naifuta. Hospitali nakuachia mpaka mwakani. Dohani?"

"Hapana! Mlezi na mizinga yake je?"

"Mzinga uliolala chini hupiga upande mmoja, ukanyamaza," alisema Sikudhani. "Ukisimamishwa juu ya paa na tanuri likiwashwa, utapiga mbinguni kutwa nzima bila kunyamaza. Jimbo gani limewahi kumpigia Mlezi mizinga ya kutwa?"

Kichwani mwa Mkuu wa Jimbo mlipita nishani.

"Kutwa?" aliuliza.

"Kutwa, tena itaonekana mpaka jimbo la jirani."

*

Tatizo lilibaki moja. Sikudhani hakunyanyua mikono kwa ajili ya "tumekubaliana", maana alikwisha jua neno hilo lina uzani gani. Na kikao ambacho hakijafungwa, mjumbe haruhusiwi kukiacha. Mzee Nukta alikuna upara mpaka ukatoa jibu: kikao kitaendelea kikitembea.

Ndipo watu wa mji huo wakaona jambo ambalo mpaka leo wanasimulia na hawaaminiwi. Mbele alitangulia Mzee Nukta na rungu. Nyuma yake wajumbe wenye miraba minne walibeba meza, na waziri naye akabebwa juu ya kiti chake, mikono imelala palepale mezani. Nyuma kabisa, waheshimiwa waliobaki, koti mkononi, tai begani, waliusukuma mzinga wa dhahabu kwenye barabara ile ya lami iliyopitishwa ndiyo, yaani kwenye matope. Magurudumu yalizama, wakayachimbua kwa mikono. Mjumbe mnene aliuliza kama barabara hii haijawahi kulalamikiwa. Akajibiwa kwamba malalamiko hayo yalikwisha. Koplo aliandamana nao akipiga saluti, maana mzinga ulipokwenda ndipo lindo lake lilipokwenda.

"Msukumeni huyo, jamani, anateleza!" walipiga kelele wauza mihogo. "Mheshimiwa, tumia tumbo!"

Kiwandani, Bwana Kigumu alisimama getini akasema kwamba bila kibali hawaingii. Alipoambiwa kinachoingia ni dohani, alisogea pembeni akavua kofia. Wanawake walipanda paani na kamba, waheshimiwa wakavuta chini, na chuma kile kikasimama, kinameremeta kwa dhahabu yote ile. Tanuri likawashwa. Moshi ulitoka, ukasitasita kwenye mdomo wa dohani kama mtu aliyesahau njia ya kwao, kisha ukapanda moja kwa moja.

Ukumbini watu walionana. Wengine walikuwa wamezeeka, wakacheka.

Sikudhani akainua mikono, akapiga makofi. Kikao kikafungwa palepale uani, na wajumbe wakagawiwa korosho zilizovunjika, wakala kama watu waliofungua saumu.

*

Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuja msimu ulipoanza. Alikuta moshi unapanda, alikula unapanda, alihutubia unapanda. Hotuba yake ilihusu umuhimu wa hotuba. Mheshimiwa Mashamsham alisimama karibu yake akiwa amefunga mdomo kwa leso, maana tangu siku ile hapana ilikuwa inamtoka ovyo kama kwikwi, na itifaki ilikuwa na hofu.

Mlezi alipomaliza, aliitazama dohani ile ya dhahabu kwa muda mrefu.

"Majimbo mengine yananipigia mizinga michache na kunyamaza," alisema. "Huu haunyamazi. Huu ndio mzinga wa kiongozi. Nitauchukua, ukasimame Ikulu."

Leso ya Mashamsham ilipanda na kushuka. Wanawake walikuwa wamekwisha anza kutafuta mahali pa kulaza mikono, na Hadhara, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kurudi, mekundu bado lakini yanaona rangi, alimshika Sikudhani mkono, kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

Sikudhani alisogea mbele. Akapiga goti kidogo, akatabasamu tabasamu ambalo hata Mkuu wa Jimbo hakuwahi kulimudu.

"Ndiyo, Mtukufu Mlezi," alisema. "Umepewa. Tena na tanuri lake."

Mlezi akapiga makofi, taifa zima likapiga makofi. Siku ya pili iliundwa kamati ya kuhamisha mzinga. Waziri wa Malalamiko Yaliyokwisha aliteuliwa kuiongoza, akaiandalia chai nzuri, na kila Ikulu ilipouliza, aliijibu kwa ukarimu uleule. Misimu imekuja na kupita. Dohani haijasogea hata upana wa ukucha.

Lakini jioni ile ya Mlezi, watu walipotawanyika, mashoga wawili walirudi kwao polepole.

"Umetuokoa," alisema Hadhara.

"Tumeokoka."

"Mh. Ila ulivyolisema lile neno, shoga! Laini. Halikukukwama popote. Mtu angedhani umezaliwa nalo." Alisimama, akamgeukia, akamkazia yale macho mekundu. "Haya, waziri. Kesho tuna magunia ya kumalizia, na mwenzetu Mwanaisha ni mgonjwa. Utakuja kutushika mkono?"

Sikudhani alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari liko mlangoni, limevaa, limejipulizia marashi. Akalishika. Akalirudisha ndani kwa nguvu zake zote, likimkwaruza koo.

"Hapana," alisema. "Kesho nina kikao. Siwezi."

Hadhara akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, akamshika kiuno.

"Alhamdulillahi," alisema. "Twende zetu nyumbani."